Bundi Hapigiwi Kura

Desemba 22, 2025, serikali ya Marekani ilifunga dirisha la siku 30 la kupokea maoni ya wananchi kuhusu kanuni nne zinazotekeleza Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini Kutoweka. Muda wote huo sanduku langu la barua pepe halikupumzika. Watetezi wa misitu waliniletea barua iliyokwisha kuandikwa, kazi yangu ikawa kutia jina na kubofya tu. Upande wa viwanda vya mbao nao ulikuwa na barua yake, fupi zaidi, imeandaliwa vilevile. Barua hizo hazikubaliani kwa lolote ila jambo moja: kila moja inamwambia msomaji kwamba watakaojaza majina mengi ndio watakaoamua kama ndege wa msituni alindwe au asilindwe. Hapo ndipo pande zote mbili zinapowapotosha watu. Sheria hiyo haiwapi walio wengi mamlaka ya kuamua kama spishi iko hatarini. Inachowaomba ni ushahidi. Maoni ya umma katika suala hili hayahesabiwi, yanapimwa, na mwananchi asiyejua hivyo hupoteza nafasi yake kisha akaondoka akiamini ameonewa. Nimeona niliandike sasa kwa sababu mojawapo ya kanuni hizo nne inagusa mizani yenyewe, na ndege atakayetuonyesha vizuri nini kinachukuliwa ni bundi madoa wa kaskazini, ambaye amekaa katika mzozo huu karibu miaka 40.

Kwetu pwani bundi ni ndege wa uchuro. Akilia juu ya paa, mtu humfukuza kwa jiwe au kwa chumvi, na mgonjwa aliye ndani huanza kuhesabu siku zake. Huku kaskazini-magharibi ya Marekani ninakoishi ametajwa kwa ubaya wa namna nyingine: kwenye vioo vya malori ya magogo yalibandikwa maneno ya kuhimiza auawe. Mwenyewe ni ndege mpole kupita kiasi. Ana rangi ya kahawia yenye madoa meupe, macho meusi, na uzito wa nusu kilo na ushei. Hajengi kiota. Hutafuta pango la mti mkongwe au kilele kilichovunjwa na upepo, hutaga kwa kawaida mayai mawili, na usiku huwinda panya wa msituni na kindi wanaoruka. Kwa hiyo maisha yake yamefungamana na misitu ya misonobari iliyosimama miaka mia mbili na zaidi, kuanzia kusini-magharibi mwa British Columbia huko Kanada, kupitia Washington na Oregon, hadi kaskazini mwa California. Jozi moja huhitaji maelfu ya ekari. Miti hiyohiyo ndiyo yenye mbao za thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo sababu ugomvi wa ndege huyu ukageuka ugomvi wa mikate.

Mambo yaliyotokea kati ya 1987 na 1990 ndiyo msingi wa hoja yangu. Mwaka 1987 vikundi vya hifadhi viliwasilisha maombi kwa Shirika la Samaki na Wanyamapori la Marekani, kwamba bundi huyu aingizwe katika orodha ya spishi zinazolindwa. Desemba mwaka huo shirika likakataa. Wenye maombi hawakuja na maandamano makubwa kuliko ya wenzao wa mbao, maana katika miji midogo ya Oregon wasingeweza kamwe kuwazidi kwa idadi. Walikwenda mahakamani Seattle. Mwaka 1988 Jaji Thomas Zilly aliamua kwamba shirika lilifanya uamuzi bila msingi, kwa kuwa wataalamu waliotoa maoni kwa shirika, akiwemo mtaalamu wake mwenyewe, walieleza hatari iliyomkabili ndege huyu, nalo halikuwa na uchambuzi wowote wa kuonyesha kwa nini limewapuuza. Mwaka uliofuata ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilichunguza na kukuta kwamba wakuu wa shirika walibadilisha ripoti ya wanasayansi wao kabla ya uamuzi. Juni 1990 bundi akaorodheshwa kuwa spishi inayotishiwa, daraja moja chini ya ile ya walio hatarini kutoweka. Jaji hakuuliza ni Wamarekani wangapi wanampenda bundi. Aliuliza: faili linasema nini, na mlilijibu vipi? Maoni yaliyokuwa ndani ya faili, tena machache, ndiyo yaliyompa la kushika.

Sheria yenyewe ilipitishwa 1973. Miaka mitano baadaye Mahakama ya Juu ilisimamisha bwawa lililokuwa karibu kukamilika katika jimbo la Tennessee kwa sababu ya samaki mdogo wa urefu wa kidole, ikisema Bunge lilikusudia kuzuia kutoweka kwa spishi kwa gharama yoyote. Bunge halikuifuta sheria. Liliijengea vyumba. Chumba cha kwanza ni cha kuorodhesha, na mwaka 1982 liliongeza humo neno dogo lenye uzito mkubwa: uamuzi utategemea takwimu bora za kisayansi na za kibiashara zilizopo, hizo pekee. (Wengi husoma neno “kibiashara” wakadhani ni hasara za viwanda. Maana yake ni taarifa za biashara ya kiumbe mwenyewe, kama vile manyoya na ngozi.) Chumba cha pili ni cha kutenga makazi muhimu, yaani kuchora kwenye ramani maeneo ambayo spishi inayahitaji ili ipone. Humo Bunge liliagiza gharama za kiuchumi zizingatiwe, na waziri anaruhusiwa kuondoa eneo ambalo faida ya kuliacha nje inazidi faida ya kulitenga. Kuna hata chumba cha tatu, kamati ya mawaziri na wakuu wa taasisi iliyoundwa 1978, yenye uwezo wa kuruhusu mradi uendelee hata kama spishi itapotea. Watu waliipachika jina la kamati ya Mungu, na mwaka 1992 iliketi kwa ajili ya bundi huyuhuyu ikaruhusu mauzo 13 ya miti kati ya 44 yaliyoombwa.

Naeleza vyumba hivi kwa urefu kwa sababu mkanganyiko wote unatokana na watu kuingia chumba kimoja na hoja za chumba kingine. Mtu anayeandika kwamba kiwanda cha mji wake kitafungwa ana hoja halali, lakini haina kazi katika swali la kama bundi wamebaki wachache. Ni sawa na kwenda kwa daktari anayesoma kipimo cha damu ukamweleza kwamba familia haina fedha za matibabu. Umaskini huo ni wa kweli na lazima mtu ausikilize, ila haubadilishi kilichomo ndani ya damu. Na anayeandika kwamba bundi ni mzuri, kwamba watoto wake wanampenda, naye amekosea mlango. Uzuri haumo katika vigezo vitano ambavyo sheria inavitaja: uharibifu wa makazi, uvunaji uliopita kiasi, maradhi na wawindaji wa asili, udhaifu wa kanuni zilizopo, na sababu nyingine za kimaumbile au za kibinadamu.

Sasa nije kwenye hoja nzito ya upande wa pili, ambayo nimeisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: wengi wape. Serikali ikiomba maoni ya watu, halafu ikasema wingi wa watu hauna maana, imewaomba nini? Tena waliobeba mzigo wa ulinzi huu si watu wa mjini Portland wanaokunywa kahawa na kutia saini. Ni watu wa miji ya mbao, wa Sweet Home, wa Roseburg, wa Forks. Baada ya mahakama kusimamisha mauzo ya miti mwaka 1991, na baada ya mpango wa misitu wa 1994 uliogusa zaidi ya ekari milioni 24 za ardhi ya serikali kuu, uvunaji katika misitu hiyo ulishuka kwa zaidi ya asilimia 80 ukilinganisha na miaka ya 1980. Wilaya zilizokuwa zikiendesha shule na barabara kwa mgao wa fedha za miti zilibaki mikono mitupu. Mwaka 2017 wilaya ya Douglas, ambayo Roseburg ndiyo makao yake, ilifunga maktaba zake za umma. Nimepita miji hiyo. Mashine za kupasua mbao zimekuwa vyuma vya kutu kando ya barabara, na wazee bado wanakuonyesha kwa kidole ni wapi zamu ya alfajiri ilikuwa ikipangana. Mtu akiniambia kwamba watu hawa hawakusikilizwa, simwiti mpinga sayansi.

Ni kweli pia kwamba bundi hakuwafunga peke yake. Mashine mpya zilikuwa zimeshaanza kuchukua kazi za mikono kabla ya 1990, magogo mazima yalikuwa yakipakiwa melini kwenda Japani bila kupasuliwa hapa, na miti mikongwe ilikuwa imekatwa kwa kasi ambayo ingeimaliza hata kama hakungekuwa na ndege. Lakini sitaki kujificha nyuma ya hilo. Tuseme hasara yote ililetwa na ulinzi wa bundi. Bado wingi wa waathirika haujibu swali la chumba cha kwanza. Ungejibu swali la pili na la tatu: wapi tulinde, kwa kasi gani, nani alipwe, nani afundishwe kazi nyingine, nani agharamie maktaba. Kosa la serikali miaka ile lilikuwa kuacha vyumba hivyo vikiwa na kiza huku kelele zote zikielekezwa kwenye chumba kisicho chao. Watu wa mbao waliambiwa wapige kelele kuhusu idadi ya bundi, jambo wasiloweza kulishinda, badala ya kudai kwa sauti hiyohiyo fidia ambayo walikuwa na haki nayo kabisa. Kuwapa wengi kura juu ya ukweli hakuwapi chochote. Wakishinda, bundi hawaongezeki, na msitu uliokatwa leo utahitaji karne mbili kurudi.

Wapo wanaosema kinyume, kwamba maoni ya umma ni kiini macho, uamuzi umeshafanywa ofisini na dirisha hufunguliwa kutimiza wajibu. Wana ushahidi wa kutosha. Agosti 2012 kikundi cha hifadhi cha kaskazini mwa California kiliomba bundi huyu apandishwe daraja, kutoka anayetishiwa hadi aliye hatarini kutoweka. Sheria inasema jibu la kwanza litolewe ndani ya siku 90 inapowezekana, na la pili ndani ya miezi 12. Jibu la kwanza lilitoka Aprili 2015, likiwaalika wananchi walete taarifa. Jibu la pili lilitoka Desemba 2020, zaidi ya miaka minane tangu maombi. Nalo lilisema nini? Kwamba anastahili kupandishwa, ila kuna spishi nyingine zilizo mbele yake katika foleni. Mpaka leo yuko katika foleni hiyo. Mtu aliyeleta takwimu zake 2015 akasubiri miaka mitano kuambiwa “una haki, lakini ngoja”, akisema ametumika, nitamjibu nini?

Nitamjibu kwa tukio la mwezi mmoja tu baadaye. Agosti 2020 shirika lilikuwa limependekeza kuondoa ekari kama 204,000 katika makazi muhimu ya bundi huyu. Hiyo ni karibu mara mbili ya msitu wetu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Wananchi walitoa maoni juu ya ekari hizo. Januari 2021, siku chache kabla ya serikali ya wakati huo kuondoka, kanuni ya mwisho ilitangazwa ikiwa imeondoa ekari zaidi ya milioni 3.4, eneo linalozidi kidogo Hifadhi ya Tsavo Mashariki. Watu walikuwa wameulizwa juu ya Sokoke mbili, wakajibiwa kwa Tsavo nzima. Serikali iliyofuata iliisimamisha kanuni hiyo, na Novemba 2021 ikaifuta na kurudi kwenye ekari 204,000. Miongoni mwa sababu ilizotoa ni kwamba umma haukupata nafasi ya kuona wala kujadili uondoaji mkubwa kiasi hicho. Kama maoni yangekuwa kiini macho tupu, kukosekana kwake kusingekuwa dosari ya kuiangusha kanuni. Dirisha lina nguvu kwa sababu linaifunga serikali kwenye kile ilichokionyesha hadharani.

Msomaji wa Kenya atakuwa ameshakumbuka mahali alipoyasikia haya. Julai 31, 2024, Mahakama ya Rufani mjini Nairobi ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na miongoni mwa sababu ni vifungu vilivyoingizwa baada ya wananchi kumaliza kutoa maoni. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikatengua hukumu hiyo. Ushirikishwaji wa umma umo katika ibara ya 10 ya Katiba ya 2010, na bado majaji wenyewe hawasomi kwa namna moja ni mabadiliko gani yanahitaji watu waulizwe upya. Naona Mahakama ya Rufani ilikuwa karibu zaidi na haki. Ukimwuliza mtu juu ya shati kisha ukamkatia kanzu, hujamshirikisha.

Wapo pia wanaotaka wananchi wakae kando kabisa, wataalamu waachwe na darubini zao. Hawa wamesahau tulivyomjua bundi huyu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kijana mmoja, Eric Forsman, alikuwa mfanyakazi wa msimu katika idara ya misitu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oregon State. Kwenye kituo chake cha msituni alisikia mlio asioufahamu, akauiga, na bundi akamjia. Alirudia hivyo msitu baada ya msitu, akaandika mahali na saa, na katika miaka michache akawa na kumbukumbu za ndege ambaye vitabu vilimtaja kwa uchache mno. Ushahidi wa kwanza wa hatari yake ulitoka kwenye daftari la kijana mwenye masikio mazuri. Kabila la Hoopa la kaskazini mwa California nalo limefuatilia bundi katika ardhi yake kwa miongo kadhaa, na lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kushiriki jaribio la kumwondoa bundi milia, ndege mgeni anayemfukuza bundi madoa. Kampuni za mbao zenyewe, zinazotakiwa kujua bundi wako wapi kabla ya kukata, zina watu wanaotembea usiku na kusikiliza. Wote hao ni umma. Faili lisilo na sauti zao lina mashimo, na mwanasayansi mkweli atakuwa wa kwanza kukiri.

Nimemtaja bundi milia, na hapa nigusie hoja ambayo kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba miaka 35 ya ulinzi haijazuia bundi madoa kupungua, kwa hiyo ulinzi umeshindwa na ufutwe. Kupungua ni kweli. Uchambuzi uliochapishwa 2021, uliojumuisha maeneo 11 ya utafiti, ulikuta idadi ikishuka kwa asilimia 6 hadi 9 kila mwaka katika maeneo sita, na asilimia 2 hadi 5 katika matano yaliyobaki. Kanada imebakiwa na ndege wa kuhesabika kwa kidole kimoja porini. Ila tuulize nini kinamshusha. Bundi milia ni ndege wa mashariki ya bara hili aliyesambaa kuelekea magharibi katika karne ya 20, kwa kuwa binadamu walipanda miti na kuzima mioto katika nyika zilizokuwa zikimzuia. Ni mkubwa zaidi, anakula karibu kila kitu, anatosheka na eneo dogo, na anamfukuza mwenzake. Watafiti walijaribu kumwondoa katika maeneo matano ya Washington, Oregon na California, wakaacha maeneo jirani kama yalivyo. Alikoondolewa, bundi madoa karibu walisimama, wakipungua kwa asilimia 0.2 tu kwa mwaka. Asikoondolewa, walishuka kwa asilimia 12 kila mwaka.

Someni tarakimu hizo mbili kwa pamoja. Zinasema ndege huyu bado anaweza kusimama endapo atapunguziwa adui. Na alisimama wapi? Ndani ya msitu mkongwe ambao bila ulinzi wa 1990 ungekuwa umeshakwenda kiwandani. Msitu usingekuwepo, jaribio lisingekuwa na mahali pa kufanyika. Anayesema ulinzi ufutwe kwa sababu haukutosha anafanana na mwenye mashua inayovuja pande mbili. Ameziba tundu moja, maji yanaendelea kuingia kwa la pili, naye anapendekeza kizibo cha kwanza king’olewe. Mpango wa Agosti 2024 wa kuwaua bundi milia wapatao 450,000 katika miaka 30 ni jambo zito kimaadili. Nimewasikia watu wema wakilia juu yake, na Oktoba 2025 Seneti ilikataa azimio la kuufuta. Mtu anaweza kuupinga kwa moyo safi. Hawezi kuutumia kuthibitisha kwamba miti haikuwa na maana.

Turudi kwenye dirisha lililofungwa Desemba. Kati ya kanuni nne, ipo inayotaka kufuta maneno yanayosema kwamba uamuzi wa kuorodhesha utafanywa bila kurejelea athari za kiuchumi au nyinginezo. Maneno hayo yalifutwa 2019, yakarudishwa 2024, sasa yanafutwa tena. Wanaopendekeza wana hoja inayostahili kusikilizwa kwa haki. Wanasema neno “pekee” bado limo ndani ya sheria, kwa hiyo uamuzi wenyewe utaendelea kutegemea sayansi, na kwamba wananchi wana haki ya kujua gharama hata kama gharama hiyo haitaamua lolote. Kwa maneno yalivyo, sioni uongo humo. Naona hatari. Serikali ikitangaza kwamba kumlinda ndege fulani kutagharimu dola kiasi fulani, tarakimu hiyo itakuwa kichwa cha habari kesho yake asubuhi, na maoni yatakayomiminika yatakuwa juu ya dola. Ofisa atakayeyasoma ni binadamu, ana mkubwa wake, na mkubwa ana mkubwa wake. Yaliyotokea 1987 yalitokea wakati ambapo sheria ilikataza kabisa kuitazama gharama, na bado ripoti ya wanasayansi ilichezewa. Sasa tarakimu hiyo itaruhusiwa kukaa mezani, kihalali, pembeni ya idadi ya bundi.

Jambo la pili linalonisumbua ni muda. Siku 30 kwa kanuni nne, kila moja kurasa kwa kurasa za lugha ya kisheria, zikiangukia juma la sikukuu ya Shukrani. Mwenye kampuni ya mawakili atazimaliza kwa wiki. Mtu wa Hoopa, mkata magogo wa Sweet Home, mwalimu wa biolojia wa shule ya wilaya, hawa wenye kitu cha kusema kuhusu msitu wanaoujua kwa miguu, hawatazimaliza. Dirisha fupi halizuii barua za kubofya, maana hizo huchukua dakika moja. Linazuia ushahidi. Kwa hiyo kadiri muda unavyopunguzwa ndivyo faili linavyojaa majina na kupungukiwa na taarifa, kisha wenye kubeza wanapata pa kusema: oneni, umma hauna la kuchangia.

Katika kikao kimoja cha jumuiya yetu hapa Portland, dada mmoja kutoka Uvira, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiokota uyoga katika misitu ya Oregon pamoja na wifi zake, aliuliza kama maoni ya mtu asiye raia yatapokelewa. Jibu ni ndiyo. Fomu haiombi uraia, na hilo peke yake lingetosha kuonyesha kwamba hapa hakuna kura, kwa kuwa hakuna daftari la wapiga kura. Wanaopokea wanaruhusiwa kuuliza jambo moja tu kwa uhalali: unajua nini? Yule dada anajua ni mabonde yapi bado yana miti mikubwa iliyoanguka na kuoza, ni yapi yalikatwa wazi mwaka gani, na usiku anasikia nini akilala kambini. Barua aliyotumiwa na vikundi vya pande zote mbili haikumwuliza hata moja ya hayo.

Kanuni za mwisho zitakapochapishwa katika gazeti rasmi la serikali, zitakuwa na sehemu ndefu ya majibu kwa maoni. Wengi huiruka. Ningewasihi wasomaji wa huku waianze hapo, kwa kuwa ndipo serikali inapolazimika kuonyesha ni hoja zipi ilizisoma na kwa nini imezikubali au kuzikataa, na ndipo jaji atakapoanzia kama suala litafika kwake. Maelfu ya barua zinazofanana hujibiwa kwa aya moja. Barua moja yenye takwimu mpya huhitaji jibu lake yenyewe, na jibu likiwa bovu, kesi imezaliwa.

Na kwa bundi madoa mwenyewe, dirisha halikufungwa Desemba 22. Kwa kuwa aliambiwa anastahili na akawekwa katika foleni, sheria inalitaka shirika lipitie upya uamuzi wake kila mwaka hadi lilipe deni hilo, na taarifa mpya juu yake hupokelewa wakati wowote. Mlio wake wa kawaida una sauti nne. Wa bundi milia una nane. Mtu yeyote anayelala karibu na msitu mkongwe anaweza kujifunza tofauti hiyo kwa usiku mmoja, akaandika tarehe, saa na bonde aliposikia, akatuma.